Nchi Inayopima Watu Wakiwa na Kiu

Nilivyofika Fukutoni si habari ya kumsumbua mtu. Nilifika nimechoka, nikapata pa kulala kwa mjane mmoja aitwaye Bi Tunu, na kuanzia asubuhi iliyofuata hadi nilipoondoka sikupumzika kubishana na watu. Mimi si mgomvi. Wote walionijua kabla ya safari ile watanishuhudia. Lakini Fukutoni ilinigeuza, na hadi leo nikiikumbuka napandwa na hasira upya.

Ni nchi ndogo iliyokatwa katikati na mto. Juu ya mto kuna daraja, na daraja lina sheria yake. Zamani, walinieleza, lilikuwa daraja la mbao, likavunjika siku waziri mmoja mnene alipokuwa akivuka na wapambe wake. Waziri akaokolewa, daraja likajengwa upya kwa mawe, nene kama ukuta wa ngome. Sheria iliyotungwa siku ya ajali, hata hivyo, haikuguswa: mtu aliyezidi uzito uliowekwa na Baraza havuki.

Basi kila anayetaka kuvuka lazima apimwe. Lakini hapimwi darajani. Hapimwi nyumbani kwake, wala asubuhi anapoamka, wala baada ya kula. Anapimwa mahali pamoja tu, kwenye mlango wa kutokea wa chumba cha joto.

Kila mtaa wa Fukutoni una ukumbi wa mazoezi. Kumbi hizo zilijengwa na mababu waliopenda kuruka na kunyanyua vyuma, na vyuma bado vipo. Nilivikuta vimetundikwa taulo. Baiskeli za kukanyaga bila kwenda popote zimeanikwa kanga. Watu hupita katikati ya vitu hivyo bila hata kuvitazama, wakaenda moja kwa moja nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha chenye jiko la kuni na mawe ya moto. Mhudumu humwagia mawe maji, mvuke ukajaa hadi humwoni uliyekaa naye bega kwa bega. Wanakaa humo wamezungushiwa nailoni tumboni, wengine wamevaa makoti mazito, wanachuruzika jasho na kuhema. Wakishindwa kuvumilia wanatoka kwa mlango wa pili, na hapo mlangoni ndipo ilipo mizani. Mizani ikisema mtu amepungua vya kutosha, tarumbeta inapulizwa na anafungwa uzi mwekundu mkononi. Uzi ule ndio ruhusa ya kuvuka hadi jua litue.

Hatua chache mbele ya mizani kuna mtungi wa maji. Pembeni ya mtungi kuna kitu wanachokiita meza ya pongezi, ina sambusa, vitumbua na sinia la pilau. Niliwaona kwa macho yangu watu waliotoka kupuliziwa tarumbeta wakinywa kata baada ya kata, wakashika sahani, wakala kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu, halafu wakaelekea darajani na uzi wao, wazito pengine kuliko walivyoingia.

Nilimuuliza Mkuu wa Mizani, Bwana Kitwana, mtu mpole mwenye sauti ya chini na kofia safi iliyoshonwa kwa mkono.

"Bwana Kitwana, huyu aliyekunywa maji yale yote, uzito wake si umerudi?"

"Uzito hupimwa hapa, ndugu mgeni," alisema, akigonga mizani kwa kidole. "Kule kwenye mtungi haupimwi."

"Lakini upo."

"Nani kaupima?"

Imani yao ni kwamba jasho ni mafuta ya mwili yaliyoyeyuka. Bwana Kitwana alinieleza kwa subira, kama anavyoelezwa mtoto. Samli ukiianika juani haiyeyuki? Inayeyuka. Na mtu mnene ana nini ndani? Basi. Ndiyo maana kunywa maji kabla ya kupimwa ni kosa, linaitwa kurudisha mafuta. Na jasho linalokingwa kutoka kwenye mabenchi ya chumba cha joto halimwagwi. Linatiwa kwenye chupa, linapelekwa Hazina, linapangwa rafu kwa rafu kama mali ya taifa. Nilionyeshwa. Wageni wote wa heshima huonyeshwa.

Sitaki kuwa mwongo. Niliingia chumba kile mwenyewe, maana nilikuwa na mgongo ulionikaza tangu safarini, na nilitoka viungo vimelegea na usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu. Joto lina raha yake, na mtu akilitaka kwa raha hiyo sina ugomvi naye. Ila nilikunywa maji, nikala, na kesho yake suruali ilinibana palepale ilipokuwa ikinibana.

Jambo lililonikera kuliko yote ni machela. Watu wa Fukutoni hawatembei. Ukumbi uko mwisho wa mtaa, unauona ukisimama mlangoni, lakini mtu hubebwa kwenye machela hadi kizingitini. Nilidhani ni maringo, kumbe ni sheria pia: jasho la barabarani halihesabiwi. Ukitembea ukatokwa jasho njiani, unafika kwenye chumba cha joto umeshapoteza mafuta yako bure, bila shahidi. Mtu aliyeonekana akitembea kwa haraka huonewa huruma. Mimi nilionewa huruma na mtaa mzima.

Sasa niseme habari za Bi Tunu, kwa sababu bila yeye ningecheka nikaondoka zangu.

Alikuwa mama wa makamo, mpana, mcheshi, mwenye mikono ya kupika. Mwanawe wa pekee, Saumu, aliolewa ng'ambo ya mto na sasa alikuwa na mimba, karibu kujifungua. Si mimba ya kwanza. Ya kwanza ilimshika vibaya, mtoto akafa, na Saumu alilia siku nzima akimwita mama yake. Mama yake alikuwa huku, kwenye mlango wa chumba cha joto, amezidi kidogo tu. Safari hii Saumu aliagiza neno moja: mama, uwepo. Yeye mwenyewe hawezi kuvuka kuja huku, maana mwenye mimba hupimwa pamoja na mimba yake.

"Mwanangu, nitavuka," Bi Tunu aliniambia, ingawa tulikuwa tumepishana miaka michache tu. Wanawake wa kule humwita mwanangu kila waliyemlisha. "Leo nilibakiza kidogo. Kesho nitakaa zaidi."

"Bi Tunu, jana nayo ulibakiza kidogo."

"Basi si naona? Kidogo kilekile. Sijaongezeka."

Kila siku alibebwa hadi ukumbini, akakaa motoni, akatoka amepungua, akakosa. Akanywa maji, akala kwenye meza ya pongezi, kwa sababu hata aliyekosa hupewa kitumbua cha kumpa moyo, na kesho akaanza upya. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Usiku misuli ya miguu ilimkaza hadi anapiga kelele. Nilipomwambia kwamba anachopoteza mle ni maji, na maji mwili unayadai mpaka uyapate, alinitazama kwa upole ulionichoma.

"Wewe umevuka mara ngapi tangu uje?"

Nilikuwa nimevuka nilivyotaka. Sheria ya Fukutoni inasema mgeni hutaja uzito wake mwenyewe, kwa kuwa mgeni hasemi uongo. Siku ya kwanza darajani niliulizwa, nikataja uzito niliokuwa nao nikiwa kijana, askari akasema karibu sana.

"Basi nawe taja wako," nilimwambia.

"Mimi ni mwenyeji," alisema, kwa kujivunia kidogo.

Nikamshauri tutembee. Asubuhi kabla ya jua kali, taratibu, kila siku, na kitumbua cha pongezi akiache. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Nitembee! Watu waseme nimefiwa?" Halafu akawa na huzuni, akasema, "Na huko kutembea kwako kunachukua muda gani?" Nikasema miezi. Akasema, "Saumu hana miezi," na hapo alisema kweli, nami nikaona jinsi sheria ile ilivyomweka mahali pabaya.

Ndipo nilipoamua kwenda Barazani. Wakati ule niliamini bado kwamba watu wakionyeshwa kitu wanakiona.

Baraza la Fukutoni hukutana alasiri, chini ya dari iliyo juu sana, na spika wake ni Mheshimiwa Pandu, mzee mwembamba kama ufito ambaye, niliambiwa, hajawahi kuingia chumba cha joto maishani mwake na ndiye anayepigiwa mfano wa faida zake. Nilipewa nafasi ya kusema. Nikaomba chupa moja kutoka Hazina na taa ya utambi.

"Waheshimiwa," nilisema, "mafuta yoyote yanawaka. Ya nazi yanawaka, ya taa yanawaka, hata samli inawaka. Haya nayo tuyajaribu."

Nikatia jasho la taifa kwenye taa iliyokuwa ikiwaka. Utambi ulitoa mlio mdogo, ukazima. Nakiri, nilisikia raha ya mtu aliyeshinda.

Mheshimiwa mmoja akasimama akauliza taa ile imetengenezwa wapi. Mwingine akasema mafuta ya binadamu yana heshima zaidi ya mafuta ya nazi na hayawezi kukubali kuchomwa hadharani. Wa tatu aliuliza kama mgeni amelipa kodi ya utambi. Walijadiliana kwa umakini mkubwa, wakinukuu maamuzi ya zamani, na hakuna aliyepaza sauti isipokuwa mimi. Mwishowe Mheshimiwa Pandu alisoma azimio: taa ile ni mbovu, na kuanzia leo ni marufuku kuingiza taa Barazani.

"Na daraja?" nilipiga kelele. "Kila siku mikokoteni ya kuni inapita pale! Gogo moja ni zito kuliko mama mzima! Ng'ombe wawili, magogo, dereva, vyote vinapita, na daraja halitikisiki!"

"Sheria inasema mtu," alijibu Mheshimiwa Pandu, bila kukasirika. "Kuni si mtu. Na tukizuia kuni, ndugu mgeni, vyumba vya joto vitapata wapi moto? Watu watapunguaje?"

Walinipigia makofi ya adabu nikitoka. Nilikwenda hadi kwa Bi Tunu kwa miguu, nikisema peke yangu njia nzima kama mwendawazimu.

Nilimkuta Shaame, mwenye mkokoteni wa kuni, ambaye kama madereva wote huhesabiwa na mzigo wake, amesimama uani na kofia mkononi. Alikuwa ametoka ng'ambo. Saumu ameshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Bi Tunu hakulia. Aliingia ndani, akatoka na roli zima la nailoni, akajizungusha tangu kifuani hadi mapajani, akavaa koti la marehemu mumewe juu yake. Nilimsihi. Nilisema maneno ambayo sikumbuki yote, mengine hayakuwa ya heshima. Nilimwambia apande mkokoteni tukalazimishe. Alinijibu kwamba askari watamrudisha, na akirudishwa jua litakuwa limetua.

"Kaa mlangoni uniombee," alisema. "Na unishikie maji."

Nilikaa mlangoni na birika. Bwana Kitwana akaja, akalitazama, akalichukua mkononi mwangu kwa upole wake uleule. "Kujaribu kumrudishia mtu mafuta," alisema, "ni kosa kubwa kuliko kujirudishia." Akaliweka kwenye meza, mbele ya macho yangu, upande wa pili wa mizani.

Waliokuwa ndani walianza kutoka mmoja mmoja. Bi Tunu hakutoka. Nikamwambia mhudumu amtazame. Akasema anaendelea vizuri, ameacha hata kutokwa jasho, maana yake mafuta yamekwisha. Nilipolisikia hilo nilimsukuma nikaingia. Alikuwa amelala ubavu kwenye benchi, ngozi kavu na ya moto, macho hayanioni, anaongea na mtu ambaye hakuwepo.

Tulimbeba mimi na mhudumu. Mlangoni nilitaka kupita naye moja kwa moja, lakini mizani imejengwa imejaza njia yote, hakuna pa kupita pasipokuwa juu yake. Ikabidi tumlaze pale kama gunia. Bwana Kitwana akainama, akasoma, uso wake ukang'aa. Tarumbeta ikapulizwa. Watu waliokuwa wakila sambusa wakasimama wakashangilia, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na Bwana Kitwana akaufunga uzi mwekundu kwenye mkono uliokuwa ukining'inia.

"Unaona?" aliniambia, na alikuwa na machozi ya furaha, ya kweli kabisa. "Unaona, mgeni? Chumba kimemfikisha!"

Sikumpiga. Mpaka leo sijui ni kitu gani kilinizuia.

Nilimvua lile koti na manailoni, nikamweka kivulini, nikammwagia maji ya mtungi mwili mzima, nikampepea kwa sinia la vitumbua. Alipoweza kumeza nikampa maji kidogo kidogo yenye chumvi na sukari. Macho yakarudi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimepita?" Nikamwambia amepita. Nilitaka akae apumzike hadi kesho, lakini alikuwa ameshageuza shingo kutazama jua. Kusimama hakuweza.

Shaame alikuwa amerudisha mkokoteni tayari, umejaa magogo ya kupeleka kwenye vyumba vya joto vya ng'ambo. Alisawazisha magogo, akatandika magunia juu yake, tukampandisha Bi Tunu. Mimi nikapanda kumshika asianguke. Nilibeba na mtungi, sikuomba ruhusa.

Darajani askari aliutazama uzi, akasema hongera mama, akafungua kizuizi. Ng'ombe wakavuta. Tukapita juu ya mawe yale, magogo, ng'ombe, Shaame na tumbo lake, mimi na uzito wangu wa uongo, mtungi wa maji, na Bi Tunu juu ya vyote. Hakuna hata kokoto iliyodondoka mtoni.

Tulipofika katikati alinyanyua kichwa.

"Shaame," aliita. "Huu mkokoteni una uzito gani?"

"Sijui, Bi Tunu. Haujawahi kupimwa."

Akalaza kichwa tena. Akaomba maji, akanywa, akaomba mengine, akanywa. Kisha akawa anauzungusha uzi mwekundu mkononi hadi tukashuka ng'ambo, kama mtu anayehesabu kitu cha miaka mingi.

Nyumbani kwa Saumu tulisikia kilio tukiwa bado nje, kilio chembamba cha hasira. Tulimwingiza Bi Tunu ndani tukimshika huku na huku. Saumu alikuwa amelala kitandani, amechoka, nywele zimemganda usoni. Alipomwona mama yake akamnyooshea mkono. Mtoto alikuwa mikononi mwa mkunga, amefungwa kitambaa, amejaa, mwekundu, anageuza kichwa huku na huku akitafuta kwa mdomo.

"Mbona hanyonyeshwi?" Bi Tunu aliuliza. Sauti ilikuwa bado haijakaa sawa.

"Mizani inakuja, Bi Tunu," mkunga alisema. "Nimetuma waiharakishe. Mtoto hupimwa kabla ya tone la kwanza, si unajua. Akinyonya sasa tutakuwa tumepima maziwa."

Wote tulimtazama Bi Tunu. Alikuwa mwenyeji wa Fukutoni, aliyejivunia kuwa mwenyeji. Saumu mwenyewe alikuwa amepimwa hivyo siku alipozaliwa, na mama yake ndiye aliyemsubirisha. Mtoto akalia tena, na safari hii sauti ilikatika katikati kwa ukavu wa koo.

Bi Tunu aliniachia mkono. Alisimama mwenyewe, akiyumba, akamchukua mtoto kutoka kwa mkunga, akamweka kifuani kwa Saumu.

"Mnyonyeshe," alisema.

"Bi Tunu, mizani iko njiani!"

"Mnyonyeshe, mwanangu. Ana kiu."

Mtoto akashika titi. Mizani ililetwa baadaye kidogo na vijana wawili waliokuwa wakihema, wakaiweka sakafuni, wakasubiri waambiwe. Bi Tunu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uzi mwekundu bado mkononi, akisikiliza mjukuu wake akimeza. Aliwaambia vijana kwamba kuna mtungi wa maji pale mlangoni, wanywe, maana wametoka mbali.